Mkataba wa hoki usome kuanzia mwaka wa mwisho

Julai mosi, saa sita mchana kwa saa za New York, dirisha la wachezaji huru wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, hufunguliwa. Hapa Minnesota huwa saa tano asubuhi; Tanga ni saa moja jioni. Ndani ya saa chache tu mamia ya mamilioni ya dola yameshasainiwa, na kila meneja anatangaza kwamba kalamba dume. Baadhi yao wamepigwa mchana kweupe. Hoki wanaijua kuliko mimi na wewe, lakini siku hiyo wanunuzi ni wengi, wachezaji wa maana ni wachache, na ukisita dakika kumi mwenzako keshamchukua.

Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara ya madereva wa kampuni moja ya malori, Brooklyn Park. Hoki ya barafuni nimeikuta ukubwani. Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa huku, ndiye aliyenifundisha kuitazama. Hesabu za pesa nilijifundisha mwenyewe, maana mkataba ni mkataba, uwe wa dereva au wa winga. Nitaeleza ninavyopima sajili hizi, ili ukiona jina na kiasi vinapita kwenye runinga uweze kuamua mwenyewe bila kusubiri wachambuzi.

Tofauti na usajili wa mpira

Kama umekulia kwenye stori za usajili wa Simba na Yanga, mambo mawili yatakuchanganya. La kwanza, hakuna ada ya uhamisho. Mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa na mchezaji mwingine, au na haki ya kuchagua vijana kwenye mgao wa kila mwaka. Aliyemaliza mkataba na kutimiza masharti ya uhuru anaondoka zake na timu yake haipati hata senti.

La pili ndilo kubwa: kuna kikomo cha mishahara, na ni kimoja kwa timu zote 32. Msimu wa 2024-25 kilikuwa dola milioni 88, wa 2025-26 milioni 95.5, na wa 2026-27 kikapangiwa milioni 104. Tajiri wa Toronto haruhusiwi kumzidi mwenzake wa Columbus. Kwa hiyo kuuliza kama timu "ina hela" ni kupoteza muda. Uliza: dola hizi zikienda kwa huyu, ni nani atakosa? Na kinachohesabiwa kwenye kikomo ni wastani wa mkataba kwa mwaka, hata kama mwaka huu analipwa kumi na mwaka ujao mbili.

Ndiyo maana kiasi kitupu cha dola hakiniambii kitu mpaka nikigawanye kwa kikomo. Connor McDavid alipoanza mkataba wake wa wastani wa milioni 12.5 kwa mwaka Edmonton, msimu wa 2018-19, kikomo kilikuwa milioni 79.5. Hiyo ni karibu asilimia 16 ya mishahara yote kwa mtu mmoja. Milioni 12.5 hizo hizo chini ya kikomo cha milioni 104 ni asilimia 12. Kirill Kaprizov wetu hapa Minnesota alisaini miaka minane kwa milioni 17 kwa mwaka, kuanzia 2026-27, na watu wakashika vichwa. Piga hesabu: asilimia 16 na kidogo. Ni mkataba mkubwa, sawa, ila mzigo wake kwa timu haujapita sana ule wa McDavid. Nilikuwa naandika asilimia pembeni ya kila jina kwa penseli. Siku hizi nafanya kichwani.

Miaka, kabla ya hela

Mchezaji huwa huru kabisa akifikisha miaka 27 kufikia mwisho wa Juni, au akiwa ametimiza misimu saba kwenye ligi. Tafakari maana yake. Washambuliaji wengi hufika kileleni katikati ya miaka ya ishirini. Soko la Julai, kwa sheria zake lenyewe, linauza watu ambao sehemu nzuri ya miaka yao bora wameshaitumikia timu nyingine. Unacholipia ni kile kilichobaki.

Basi mimi huanza na mwaka wa mwisho. Nachukua umri wake leo, najumlisha urefu wa mkataba, halafu najiuliza: mtu wa umri huo, kwa bei hiyo, nitamtaka kikosini? Jibu likiwa hapana, naenda mwaka mmoja nyuma, na mwingine, mpaka nifike mwaka ambao nasema ndiyo. Miaka iliyobaki huko mbele ni deni tupu.

Chukua Nashville, Julai 2024. Walikuwa wametoka kumaliza msimu na pointi 99 na kuingia mtoano. Siku moja wakasaini watu watatu kwa jumla ya dola milioni 108.5: Steven Stamkos, miaka 34, mkataba wa miaka minne kwa milioni 8 kila mwaka, Jonathan Marchessault, miaka 33, mitano kwa milioni 5.5, na beki Brady Skjei, miaka 30, saba kwa milioni 7. Kila mtu akasema Nashville ndiyo mshindi wa kiangazi.

Mtoto wa kaka yangu naye alisema hivyo hivyo. "Shangazi, Marchessault kafunga mabao 42. Arobaini na mbili!"

"Na mwaka wa juzi?"

Akatafuta kwenye simu. Kabla ya hapo Marchessault hakuwahi kuvuka mabao 30 kwa msimu. "Haya," nikamwambia, "sasa nisomee mkataba unaisha akiwa na miaka mingapi." Thelathini na minane. Stamkos pia, thelathini na minane. Skjei, thelathini na saba.

Msimu wa 2024-25 Nashville walipoteza mechi tano za kwanza mfululizo na kumaliza na pointi 68. Marchessault alifunga 21. Stamkos, aliyetoka na mabao 40 Tampa, alifunga 27. Hawakuwa wachezaji wabovu na wala hawakuzembea. Walirudi kwenye kiwango chao cha kawaida, na umri ukawaongezea kidogo cha kwake.

Ila usikimbilie kusema kila mkataba mrefu ni ujinga. Wakati mwingine timu inarefusha makusudi ili kushusha wastani. Florida, mabingwa wa 2024 na 2025, walimpa Brad Marchand miaka sita akiwa na miaka 37. Watu walicheka. Lakini dola milioni 31.5 zikigawanywa kwa miaka mitatu ni milioni 10.5 kwa mwaka; kwa sita ni 5.25. Walinunua nafasi chini ya kikomo leo, wakati bado wana kikosi cha kuchukua kombe, kwa kukopa kwenye miaka ambayo huenda wote watakuwa wameshaondoka. Ni kamari, lakini ni kamari ya mtu anayejua anachofanya. Timu isiyo na kikosi cha ubingwa ikifanya hivyo hivyo, hapo nasikitika.

(Urefu wenyewe una mipaka: miaka minane kwa timu ambayo mchezaji yupo tayari, saba kwa timu nyingine. Makubaliano mapya ya kuanzia Septemba 2026 yamepunguza kuwa saba na sita.)

Mabao yalitoka wapi

Sasa mchezaji mwenyewe. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kumlipa mtu kwa msimu wake mmoja mzuri. David Clarkson alifunga mabao 30 New Jersey msimu wa 2011-12. Misimu mingine hakuwahi kufika 20. Julai 2013 Toronto wakampa miaka saba, dola milioni 36.75. Msimu wa kwanza: mabao matano, mechi 60. Loui Eriksson alifunga 30 Boston, Vancouver wakampa miaka sita kwa milioni 6 kila mwaka Julai 2016, akafunga 11.

Kuna vitu vitatu ninavyoangalia, na vyote vinapatikana bure. Natural Stat Trick na MoneyPuck wanatoa takwimu za uwanjani. PuckPedia wanatoa mikataba. (CapFriendly, tuliyoipenda sote, ilinunuliwa na Washington Capitals mwaka 2024 ikafungwa kwa umma. Bado roho inaniuma.)

Cha kwanza ni mashuti. Kwa mshambuliaji wa kawaida, mashuti kumi yanayolenga goli huzaa bao moja, moja na kidogo. Ukiona mtu aliyezoea kufunga tisa katika kila mia ghafla kafunga kumi na nane, na idadi ya mashuti yake ni ile ile, hiyo ni bahati, na bahati haisaini mkataba wa miaka saba. Lakini kama mashuti yenyewe yameongezeka, au anapiga kutoka karibu zaidi na goli, hapo kuna jambo la kweli limebadilika.

Cha pili ni hali ya mchezo. Tenganisha pointi za mchezaji (mabao na pasi za mabao) za watano kwa watano na zile za watano kwa wanne, mpinzani mmoja akiwa kwenye kiboksi cha adhabu. Karibu nusu ya pointi 81 za Stamkos katika msimu wake wa mwisho Tampa zilitoka kwenye watano kwa wanne, akilishwa na Nikita Kucherov, mmoja wa wapiga pasi bora duniani. Kucherov hakuhamia Nashville. Mchezaji anayeishi kwa nafasi hizo anaweza kuwa na thamani kubwa, mradi timu inayomnunua ina watu wa kumlisha.

Cha tatu ni dakika na majirani. Hapa ndipo bei rahisi zinapojificha. Carter Verhaeghe alikuwa Tampa msimu wa 2019-20: mechi 52, mabao tisa, pasi nne. Ukiangalia hivyo tu, unapita. Ukiangalia dakika, alikuwa akicheza takriban tisa kwa mechi, safu ya nne, kwenye timu iliyojaa mastaa na iliyobeba kombe mwaka ule. Tampa hawakumpa hata ofa ya kumbakiza. Florida wakamchukua kwa miaka miwili, dola milioni moja kwa mwaka, wakamweka pembeni ya Aleksander Barkov. Msimu uliofuata: mabao 18 katika mechi 43. Baadaye akafunga 42 kwa msimu. Daima gawanya pointi kwa dakika, halafu uliza alikuwa barafuni na nani, dhidi ya nani.

Kile kipimo cha kujumlisha na kutoa, mabao ya timu mchezaji akiwa barafuni, mimi sikitazami kabisa. Kipa mbovu nyuma yako anakuharibia, kipa mzuri anakusafisha. Tazama badala yake mgawanyo wa mabao tarajiwa: katika nafasi zote zilizotengenezwa akiwa barafuni, asilimia ngapi ni za timu yake? Kwa mabeki ndicho kipimo changu cha kwanza, nikikisoma pamoja na ubora wa washambuliaji anaopangiwa kuwakaba.

Makipa sitawazungumzia sana kwa sababu soko lenyewe linawasoma kwa kubahatisha. Philipp Grubauer alitoka Colorado akiokoa asilimia 92.2 ya mashuti. Seattle wakampa miaka sita mwaka 2021, na msimu wa kwanza akaokoa asilimia 88.9. Sergei Bobrovsky alipewa na Florida miaka saba kwa milioni 10 mwaka 2019, akatukanwa kwa miaka kadhaa, halafu akadaka vikombe viwili. Vegas walibeba kombe la 2023 na Adin Hill, waliyempata kwa chaguo la raundi ya nne kwenye mgao wa vijana. Kipa wa miaka mingi na pesa nyingi ni mbuzi kwenye gunia. Mkataba mfupi, basi.

Mlango wa kutokea

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na watazamaji wengi huiruka. Mkataba ukiharibika, timu inatokaje?

Njia moja ni kuuvunja kwa kulipa. Mchezaji wa miaka 26 na zaidi hulipwa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukisambazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Inasikika kama nafuu. Lakini pesa ya kusaini, ile inayotolewa kwa mkupuo, mara nyingi Julai mosi yenyewe, haipunguzwi hata dola. Na kwenye kikomo timu inaokoa tofauti tu kati ya mshahara wa mwaka ule na malipo ya kuvunja. Kila kinachobaki cha wastani kinaendelea kuhesabiwa.

Tuone kwa mfano wa nyumbani. Tarehe 4 Julai 2012 Minnesota Wild waliwasaini Zach Parise na Ryan Suter siku moja, kila mmoja miaka 13 kwa dola milioni 98. Wastani wa kila mmoja: takriban milioni 7.54. Pesa nyingi zilipangwa miaka ya mwanzo. Wakati huo iliruhusiwa. Mikataba mirefu namna hiyo ilipigwa marufuku mwaka uliofuata. Julai 2021 timu ikaamua kuachana nao, ikiwa imebaki misimu minne. Mshahara halisi uliobaki kwa kila mmoja: milioni 6, 2, 1 na 1. Jumla 10. Theluthi mbili yake ni 6.67. Gawanya kwa miaka minane: karibu dola 833,000 kwa mwaka.

Mwaka wa kwanza mambo safi. Mshahara ulikuwa 6, wanalipa 0.83, wameokoa 5.17, kwenye kikomo kunabaki 2.37. Mwaka wa tatu je? Mshahara ulikuwa milioni 1 tu. Wanalipa 0.83. Wameokoa 0.17. Ondoa hiyo kwenye 7.54, unabaki na 7.37 kwa mtu ambaye hayupo. Zidisha kwa wawili: milioni 14.7, msimu wa 2023-24 na tena 2024-25, zikihesabiwa kwa wachezaji waliokwisha ondoka. Tulizitazama timu nyingine zikinunua huku sisi tukiokota wa bei ya kutupa. Na zile 833,000 za kila mmoja zinaendelea mpaka 2028-29.

Kwa hiyo ukiona mkataba mpya, usiishie kwenye wastani. Fungua jedwali la mwaka kwa mwaka. Mshahara mdogo mwishoni na pesa ya kusaini nyingi maana yake mlango umefungwa kwa saruji. Milan Lucic alisaini Edmonton mwaka 2016, miaka saba kwa milioni 6, sehemu kubwa ikiwa pesa ya kusaini. Kuvunja kusingeokoa kitu. Mwaka 2019 wakambadilisha na James Neal wa Calgary, mkataba mchungu kwa mkataba mchungu, tofauti ikiwa kwamba wa Neal ulivunjika. Na kweli, 2021 wakauvunja.

Kifungu cha kutohamishwa ni kufuli la pili. Angalia kama ni kamili au ni orodha tu ya timu anazokataa, na kama kinalegea miaka ya mwisho. Wakala mzuri hupigania kifungu hiki kuliko milioni moja ya nyongeza.

Na kodi? Florida, Texas, Tennessee, Nevada na Washington hazikati kodi ya jimbo kwenye mshahara. Minnesota kiwango cha juu ni asilimia 9.85, na mimi ninayekata kila baada ya wiki mbili najua inavyouma. Ni faida ya kweli kwa timu za huko, ingawa mchezaji hutozwa pia katika majimbo ya ugenini kwa siku alizofanya kazi huko. Lakini Nashville wako Tennessee, na umeona kilichowapata.

Wale wenye kamba mguuni

Wachezaji vijana waliomaliza mkataba lakini hawajatimiza masharti ya uhuru bado wamefungwa kwa timu zao. Timu nyingine inaweza kumpelekea ofa. Timu yake ina siku saba za kuifikia ofa hiyo, au imwachie na kulipwa chaguo za vijana kulingana na ukubwa wa ofa. Mameneja huona aibu kuitumia, sijui ni adabu gani hiyo.

St. Louis hawakuona aibu. Agosti 2024, Edmonton wakiwa wametoka kupoteza fainali kwenye mechi ya saba na wamebanwa na kikomo mpaka maji ya shingo, St. Louis waliwapelekea ofa vijana wao wawili kwa mpigo: Philip Broberg kwa dola 4,580,917 na Dylan Holloway kwa 2,290,457. Hizo namba za ajabu zilikuwa kila moja ukingoni kabisa mwa ngazi yake ya fidia. Dola moja zaidi na gharama ingepanda ngazi. Edmonton wakashindwa kuzifikia ofa hizo. Wakapata chaguo la raundi ya pili na la tatu. Holloway akapachika pointi 63 msimu ule ule.

Basi kabla ya Julai, pitia timu zilizobanwa zenye vijana wazuri wasio na mkataba. Pitia pia orodha ya vijana ambao timu zao hazikuwapa ofa ya kuwabakiza. Hutoka mwisho wa Juni, na karibu hakuna anayeisoma kwa sababu wote wanasubiri majina makubwa. Mimi huichukua, nafuta wenye zaidi ya miaka 26, nabakiza waliocheza chini ya dakika kumi na mbili kwa mechi, halafu natazama mgawanyo wao wa mabao tarajiwa. Huwa wanabaki watu watano, sita. Hao ndio ninaowafuatilia saa tano ikigonga.